Kiwanda Kikishindwa na Bidhaa za Nje, Mfanyakazi Anastahili Nini?

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, viongozi wa vyama vyao na familia zao



Habari ya kiwanda kufungwa si ngeni nchini Kenya. Wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi viwanda vya nguo vilivyoyumba katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa kila soko. Kicomi mjini Kisumu ilizima mashine zake. Rivatex mjini Eldoret iliporomoka, na ikakaa hivyo hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoichukua mwaka 2007. Miaka ya karibuni hali hiyo imegusa viwanda vingine. Mwaka 2014 kampuni ya Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini Nakuru, kilichokuwa kimefanya kazi tangu miaka ya 1960. Mwaka huo huo Cadbury iliacha kutengeneza bidhaa zake jijini Nairobi. Mwaka 2016 kampuni ya Sameer Africa ilisimamisha utengenezaji wa matairi Nairobi na kugeukia matairi ya kuagizwa. Sababu zilizotajwa hazikuwa mbali na zile za zamani: gharama ya kuzalisha hapa iko juu, na bidhaa za nje zinauzwa kwa bei ambayo kiwanda cha hapa hakiwezi kuifikia.

Kiwanda kinapofika hapo, mwenye hisa huhesabu hasara yake kwenye karatasi. Mfanyakazi huihesabu kwa kodi ya nyumba, karo ya watoto na deni la dukani. Swali analouliza ni moja: je, serikali ina msaada wowote kwa mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje, na nani anastahili kuupata?

Jibu lina sehemu mbili, na ni vyema zote mbili zisemwe wazi. Kenya haina hazina maalumu inayomlipa mfanyakazi kwa sababu kiwanda chake kimeshindwa na bidhaa za nje. Hata hivyo, mfanyakazi huyo ana haki kadhaa kisheria, na nyingi hupotea kwa kuwa hazikudaiwa kwa wakati wake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje?

Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi walioathiriwa na biashara ya nje mwaka 1962, na sheria ya biashara ya mwaka 1974 ikaulegezea masharti. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Wafanyakazi wasiopungua 3 wa kiwanda kimoja, au chama chao, au mwajiri mwenyewe, waliwasilisha ombi kwa Wizara ya Kazi. Wizara ilichunguza mambo mawili makubwa: kwamba idadi ya kutosha ya wafanyakazi walikuwa wamepoteza kazi au walikuwa katika hatari ya kuipoteza, na kwamba bidhaa za nje, au kuhamishwa kwa uzalishaji kwenda nchi nyingine, kulichangia kwa kiasi kikubwa. Aliyeachishwa kazi zaidi ya mwaka 1 kabla ya ombi kuwasilishwa hakuhesabiwa. Kundi likikubaliwa, kila mfanyakazi alijiandikisha mwenyewe na kupata mafunzo ya kazi mpya, posho akiwa masomoni, na usaidizi wa gharama za kutafuta kazi au kuhamia mahali penye kazi.

Muda wa mpango huo ulikwisha bila kuongezwa, na tangu Julai 1, 2022 maombi mapya hayaamuliwi tena. Umoja wa Ulaya nao una mfuko wake tangu 2007. Huko anayeomba ni serikali ya nchi husika, na kwa sasa kiwango cha kawaida ni watu 200 kupoteza kazi.

Mifano hiyo inaonyesha jambo moja. Pale penye mfuko maalumu, mfanyakazi hulazimika kuthibitisha kwamba bidhaa za nje ndizo zilizomwondoa kazini. Kenya haiulizi swali hilo. Iwe kiwanda kimeshindwa na matairi ya Asia, na mitumba, na mashine mpya au na usimamizi mbaya, haki ya mfanyakazi aliyepunguzwa ni ile ile. Analopaswa kuonyesha ni kwamba alikuwa mwajiriwa, kwamba kazi yake imeondolewa bila kosa lake, na kwamba mwajiri hakumlipa au hakufuata utaratibu.

Nani anahesabiwa kuwa amepunguzwa kazini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza kupunguzwa kazini kuwa ni kupoteza kazi bila hiari na bila kosa la mfanyakazi, uamuzi ukiwa wa mwajiri, kwa sababu huduma ya mfanyakazi huyo haihitajiki tena. Maneno "bila hiari" na "bila kosa" yana uzito. Mfanyakazi aliyejiuzulu hakupunguzwa. Aliyefukuzwa kwa kosa la nidhamu hakupunguzwa pia, ingawa ana haki zake nyingine.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kiwanda kinapoanza kulemewa, wafanyakazi wengine huambiwa waandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka," au huahidiwa kwamba wataitwa tena oda zikirudi. Mwenye kuandika barua hiyo huenda amejifungia mlango wa malipo ya kupunguzwa. Wengine huambiwa waende likizo bila malipo kwa muda usiojulikana. Sheria inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba, na mabadiliko yenyewe yaandikwe. Likizo ya aina hiyo isikubaliwe kwa maneno matupu. Ipatikane barua inayoonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi na sababu yake.

Utaratibu ambao mwajiri lazima aufuate

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinaweka masharti. Mwajiri asiyeyatimiza hawezi kumpunguza mfanyakazi kihalali, hata kama hali ya biashara ni mbaya kweli.

Sharti la kwanza ni notisi. Kama mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri hukijulisha chama hicho pamoja na afisa wa kazi wa eneo hilo, angalau mwezi 1 kabla. Notisi hiyo hueleza sababu za kupunguza watu na ukubwa wa upunguzaji wenyewe. Asiye mwanachama hujulishwa yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa kazi hujulishwa pia. Tangazo lililobandikwa langoni asubuhi moja likisema kiwanda kimefungwa halitoshi.

Sharti la pili ni namna ya kuchagua watakaoondoka. Mwajiri huangalia muda ambao kila mmoja amefanya kazi, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake kazini. Undugu, kabila, urafiki na msimamizi, au kuwa mwanachama wa chama, si vigezo vya kisheria.

Sharti la tatu ni malipo. Siku za likizo ambazo hazijatumika hulipwa kwa pesa taslimu. Mfanyakazi hupewa notisi ya kusitishiwa ajira isiyopungua mwezi 1, au mshahara wa mwezi 1 badala yake. Juu ya hayo hulipwa malipo ya kupunguzwa, ambayo hayapungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Mwaka 2014, katika kesi iliyohusu shirika la ndege la Kenya Airways, Mahakama ya Rufani ilitazama kifungu hiki kwa kina. Majaji walitenganisha notisi ya nia ya kupunguza watu na notisi ya kumsitishia mfanyakazi ajira yake. Kwa hivyo mwezi wa kwanza ni nafasi ya kuzungumza: je, saa za kazi zinaweza kupunguzwa badala ya watu? Je, wako walio tayari kustaafu mapema? Je, idara nyingine inahitaji mikono? Chama kinachopokea notisi kisha kikakaa kimya hadi siku ya mwisho kimewapotezea wanachama wake mwezi ambao ungewafaa.

Hesabu yenyewe

Hesabu ikifanywa hadharani, hakuna atakayepunjwa kwa kutoelewa. Chukulia mfano wa mshonaji anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 11 na miezi 7, na ana siku 14 za likizo ambazo hakuzitumia. Mkataba wake hugawanya mshahara wa mwezi kwa siku 30, kwa hivyo siku moja ni shilingi 600.

Malipo ya kupunguzwa ni siku 15 mara 600, yaani shilingi 9,000 kwa kila mwaka. Miaka kamili ni 11, kwa hivyo ni shilingi 99,000. Ile miezi 7 haihesabiwi kwa kuwa sheria inataja mwaka kamili, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Mshahara wa mwezi 1 badala ya notisi ni shilingi 18,000. Likizo ya siku 14 ni shilingi 8,400. Jumla ni shilingi 125,400, kabla ya makato ya kisheria. Siku alizofanya kazi katika mwezi wa mwisho, pamoja na ovataimu ambayo haijalipwa, huongezwa juu yake.

Siku 15 ni kiwango cha chini kabisa. Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri unaweza kuweka siku nyingi zaidi, au kugawanya mshahara kwa siku 26 za kazi badala ya 30. Kwa mshonaji wetu, tofauti hiyo ya 26 na 30 peke yake ingeongeza malipo ya kupunguzwa kutoka shilingi 99,000 hadi zaidi ya shilingi 114,000. Kwa hivyo nakala ya mkataba wa pamoja itafutwe na isomwe kabla ya mtu kukubali hesabu ya ofisini.

Vibarua je?

Viwandani wengi huitwa vibarua hata baada ya kufanya kazi miaka. Jina lililoandikwa kwenye daftari la langoni si neno la mwisho. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi 1, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi 3, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Akishapita miezi 2 mfululizo, anastahili masharti na haki ambazo angepata kama angeajiriwa kwa njia ya kawaida tangu mwanzo.

Tatizo la kibarua ni ushahidi. Hana barua ya ajira, na mara nyingi hana hati ya mshahara. Hata hivyo, pesa zilizolipwa kwa M-Pesa zina rekodi. Michango ya NSSF ina rekodi. Kadi ya kuingilia langoni, orodha ya zamu, picha ya sare na wenzake waliofanya kazi pamoja naye ni ushahidi. Vitu hivyo vikusanywe mapema. Kiwanda kikishafungwa, daftari la langoni huwa vigumu kulipata.

Kiwanda kikifilisika

Wakati mwingine kampuni haina pesa za kumlipa mtu yeyote. Ikiingia katika ufilisi, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ndiyo inayopanga nani alipwe kwanza. Gharama za ufilisi wenyewe hutangulia. Baada yake huja madai ya wafanyakazi: mishahara ya miezi 4 kabla ya ufilisi kuanza, pesa za likizo na malipo ya kupunguzwa. Kipaumbele hicho kina kikomo cha shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Kinachozidi hapo husubiri pamoja na wadai wa kawaida.

Haki hii haiji yenyewe. Anayesimamia ufilisi hutangaza tarehe ya kuwasilisha madai, na kila mfanyakazi huwasilisha dai lake pamoja na vielelezo. Aliyerudi kijijini na kubadilisha nambari ya simu asipate habari huenda akakuta mali imeshagawanywa. Kundi la wafanyakazi lichague watu 2 au 3 wa kufuatilia matangazo hayo, na kila mtu awaachie nambari inayopatikana.

NSSF na bima ya afya

Michango ya NSSF ni akiba ya uzeeni na si malipo ya kukosa kazi. Anayepoteza kazi akiwa na miaka 35 hawezi kuichukua kwa sababu hiyo tu. Kwa kawaida hulipwa katika umri wa miaka 60, au kuanzia miaka 50 kwa aliyestaafu mapema. Familia hulipwa mwanachama akifariki, naye mwenyewe hulipwa akipata ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi. La kufanya sasa ni kuomba taarifa ya michango na kuilinganisha na hati za mshahara. Ikiwa mwajiri alikata pesa lakini hakuziwasilisha, NSSF ijulishwe wakati kampuni bado ipo. Aliyepoteza kazi anaweza pia kuendelea kuchangia kwa hiari.

Kuhusu bima ya afya, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Makato hayo hukoma mshahara unapokoma. Baada ya hapo mtu hutathminiwa kulingana na mapato ya kaya yake, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipwa malipo ya kupunguzwa na atenge ya bima mapema, kabla ya pesa hizo kuisha. Ugonjwa haungoji mtu apate kazi nyingine.

Kujipanga upya

Mwajiri analazimika kumpa kila mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, kinachoonyesha jina la mwajiri, aina ya kazi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Hiyo ni haki ya kisheria na haitegemei mapenzi ya meneja. Isidaiwe baadaye, ichukuliwe siku ile ile ya malipo.

Wengi viwandani walijifunza kazi kwa kuangalia wenzao. Mtu ametengeneza mashine za kushona kwa miaka 15, lakini hana karatasi yoyote ya kumtambulisha kama fundi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hufanya majaribio ya ufundi ya Daraja la III, II na I. Anayefaulu hupata cheti kinachotambuliwa na waajiri wengine. Ni njia fupi kuliko kurudi chuoni kuanza upya.

Mikopo ya serikali ipo, lakini ieleweke kuwa ni mikopo. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoa kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa Mkenya aliyefikisha miaka 18 mwenye kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa mtu binafsi hurudishwa ndani ya siku 14. Hazina ya Uwezo na ile ya Wanawake hupitia vikundi. Wafanyakazi wakiungana kuwa kikundi kilichosajiliwa, wanaweza pia kuomba zabuni za serikali zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambazo ni asilimia 30. Washonaji waliopoteza kazi wanaweza kuomba kushona sare chini ya mpango huo.

Mwenye mkopo wa sacco au benki asingoje kutafutwa. Aende mapema na barua ya kupunguzwa aombe kupangiwa malipo upya. Akinyamaza, wadhamini wake, ambao mara nyingi ni wenzake waliopoteza kazi siku ile ile, ndio watakaokatwa.

Kulinda kiwanda kabla hakijafungwa

Sababu ya kiwanda kulemewa haibadilishi malipo ya mfanyakazi, lakini ni muhimu pengine. Sheria ya Hatua za Kulinda Biashara ya mwaka 2017 iliunda mamlaka, KETRA, yenye jukumu la kuchunguza mambo matatu: bidhaa za nje zinazouzwa hapa chini ya bei yake ya kawaida nchini kwao, bidhaa zinazopewa ruzuku na serikali za nje, na ongezeko la ghafla la bidhaa za nje linaloumiza viwanda vya ndani. Ikithibitika, ushuru wa ziada unaweza kupendekezwa.

Malalamiko huwasilishwa na wenye viwanda. Hata hivyo, katika kanuni za kimataifa za biashara, kupungua kwa ajira na mishahara ni miongoni mwa vipimo vya kuonyesha kwamba kiwanda kimedhurika. Chama cha wafanyakazi kina takwimu hizo: watu walikuwa wangapi mwaka juzi, zamu ngapi zimefutwa, mashine ngapi zimezimwa. Kinaweza kumhimiza mwajiri alalamike, na kumpa takwimu. Ikiwa bidhaa zinazoua soko ni ghushi, ziripotiwe kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Ikiwa hazifikii viwango, zipelekwe habari kwa KEBS.

Kaunti ina nafasi gani?

Chini ya Katiba ya 2010, sheria za kazi na hifadhi ya jamii ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kwa hivyo afisa wa kazi si mwajiriwa wa kaunti, na kaunti haiwezi kumlipa mtu malipo ya kupunguzwa wala kumlazimisha mwajiri alipe. Atakayeahidi hivyo jukwaani anawapotosha wananchi.

Kilicho mikononi mwa kaunti ni vyuo vya ufundi, masoko, leseni za biashara na maendeleo ya biashara. Mfanyakazi aliyepunguzwa anaweza kuuliza katika ofisi ya wadi kuhusu nafasi katika chuo cha ufundi kilicho karibu, basari kwa mtoto aliye shuleni, na nafasi ya kuuzia sokoni. Msimamizi wa wadi anaweza pia kumwelekeza katika ofisi ya kazi ya eneo lake.

Muda na karatasi

Kesi nyingi za wafanyakazi hazishindwi kwa kukosa haki. Hushindwa kwa kuchelewa na kwa kukosa karatasi.

Anayeamini kwamba ameachishwa kazi isivyo haki anaweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kwenda mahakamani, kikomo cha jumla ni miaka 3 tangu haki ilipokiukwa, na mahakama haina desturi ya kuongeza muda huo. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakama ya hakimu, hivyo si lazima asafiri hadi kituo cha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Akishinda, mahakama inaweza kuagiza alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, pamoja na haki zake nyingine.

Kuna karatasi moja ya kuogopwa: ile inayosema mfanyakazi amepokea malipo yote na hatadai chochote tena. Mahakama zimewahi kuiheshimu pale mtu alipotia sahihi kwa hiari na kwa kuelewa. Mwenye njaa huona hundi na kalamu, haoni maneno yaliyo juu yake. Asome kwanza, au asomewe na mtu anayemwamini, na hesabu ilinganishwe na ile iliyoelezwa hapa. Ikiwa pesa hazitoshi, aandike kwamba amepokea sehemu tu, kisha apeleke malalamiko.

Tahadhari nyingine ni kwa madalali. Kiwanda kikifungwa, hujitokeza watu wanaodai wanaweza "kuharakisha" malipo kwa ada kidogo, au wanaosajili majina kwa msaada wa serikali ambao haupo. Kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa kazi hakulipiwi. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi kutoka Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kwa hivyo kila mfanyakazi, hata yule ambaye kiwanda chake leo kinaenda vizuri, aweke faili moja nyumbani. Ndani yake kuwe na nakala ya kitambulisho, barua ya ajira, hati za mshahara, taarifa ya NSSF, rekodi ya likizo, nakala ya mkataba wa pamoja na barua zote za mwajiri. Mke, mume au mtoto mkubwa ajue faili hilo liko wapi.

Suala la kuwa na mfuko wa kitaifa wa kumsaidia aliyepoteza kazi ni la sera na la Bunge, na wafanyakazi wana haki ya kulizungumza kupitia vyama vyao na wabunge wao. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Wakati mjadala huo ukiendelea, siku 15 kwa kila mwaka, notisi ya mwezi 1, likizo iliyosalia na cheti cha utumishi tayari ni sheria. Vidaiwe kwa wakati, na vidaiwe kwa pamoja.